Hodi ya Tatu

Chumba cha chai cha shule ile ya urubani kilikuwa na dirisha moja tu, lakini dirisha lenyewe lilikula ukuta mzima, na lilitazama pale pale ndege zinapogusa ardhi. Chini yake kulikuwa na benchi refu. Ukikaa hapo na kikombe chako unaona kila kitu: mfuko wa upepo ukivimba kwenye mlingoti, ndege ndogo ikishuka huku inatikisika kama ungo unaopepeta, na mwenzako aliyemo ndani akiadhirika. Walimu waliliita benchi la mapumziko. Wanafunzi waliliita mahakama.

Na hakimu alikuwa Redio.

Jina hilo binti huyu hakupewa na mzazi. Alilipata wiki ya kwanza, kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, saa sita imeshafika karakana na mafundi wanaijadili. Alilelewa saluni na dada yake mkubwa, msusi, katikati ya vichwa vya watu na siri zao. Dada mtu alipenda kusema kwamba huyu mdogo wake alianza kuongea kabla ya kutembea, na kutembea alijifunza ili apeleke maneno nyumba ya pili. Lakini hakuwa na roho mbaya, hilo kila mtu atakwambia. Akiingia chumbani, chumba kinajaa hata kama mlikuwa wawili. Ukiwa na homa yeye ndiye wa kwanza kukujia na chupa ya uji, na wa kwanza kutangaza ulivyokuwa unakoroma.

Kwa hiyo wanafunzi walipozoea kupachikana majina kwa makosa ya kutua, hakuna aliyeuliza nani atakuwa mpachikaji. Mmoja alidunda mara nne kabla ya kutulia, akawa Mpira. Mwingine akawa Kaa. Upepo ukivuma ubavuni, ndege haiji moja kwa moja. Inabidi uigeuzie pua kule upepo unakotoka, ije kimshazari kama kaa anavyotembea, halafu karibu kabisa na ardhi uinyooshe kwa pedali, ulaze bawa la upande wa upepo, ndipo uguse. Yeye alisahau kunyoosha. Magurudumu yakalia hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaa!" Redio alimpokea mlangoni. "Karibu nchi kavu!"

Kaa akacheka, akalivaa jina lake kama kofia. Wengi walifanya hivyo.

Kisha akaja yule kijana mpole, mtoto wa fundi cherehani, aliyekunja mikono ya shati lake sawasawa kila siku kama iliyopimwa. Siku moja aliruka peke yake, upepo ukaamka nyuma yake. Akaja kutua, akaona ndege inasukumwa, akasukuma wenzo wa mafuta hadi mwisho na kupanda tena. Akazunguka, akaja mara ya pili, akapanda. Mara ya tatu vivyo hivyo. Ndipo akabaki huko juu akizunguka mpaka upepo uchoke wenyewe, na mwisho akatua laini, kama mama anayelaza mtoto aliyesumbua.

Alifanya kama alivyofundishwa, herufi kwa herufi. Kutua kukikataa, unaghairi. Lakini benchini watu tisa walikuwa wamemngoja dakika arobaini, chai imepoa, na mahakama haiwezi kuvunjwa bila hukumu.

"Mara ya kwanza, hodi!" Redio alisimama, sinia mkononi ndiyo bawa. "Kimya. Mara ya pili, hodi jamani wenyewe! Kimya. Hodi ya tatu... aa, hawapo hawa, narudi zangu!" Akageuza sinia, akazunguka meza.

Watu walilala juu ya benchi kwa kucheka. Kijana alipoingia, shati limelowa mgongoni, alikuta jina lake limeshafika, limekaa, linamngoja. Hodi.

Siku ya wazazi, mama yake alikuja na gauni alilolishona mwenyewe, tepu ya kupimia bado imening'inia shingoni. Aliisahau, au labda hakuwahi kuivua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule Redio? Nakusikia."

"Mazuri au mabaya, mama?"

"Nakusikia tu."

Redio alimpenda papo hapo. Na mtu akishampenda mtu, atampa kilicho bora alichonacho. Naye bora alichonacho kilikuwa hadithi. Akachukua sinia. Akaigiza yote, mbele ya wazazi, walimu na wageni, mpaka pale pa kuzunguka meza. Mama fundi alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya tepu.

"Hata kuzaliwa alinichelewesha huyu," alisema. "Mkunga alikwenda kwake akala, akarudi, bado."

Chumba kikaanguka tena kwa kicheko. Hodi naye alicheka, lakini kicheko cha meno, kisichofika machoni. Redio alikiona. Alikiona, akakiacha kipite, kwa kuwa watu walikuwa wanapiga makofi.

Jioni ile wawili hao walikuwa zamu ya kufunga ndege kamba. Hodi alipiga fundo, akalipima, akalifungua, akalipiga upya.

"Dada Redio."

"Niambie, Hodi."

"Hilo jina lina mwisho?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema, samahani bwana, limeisha leo. Lakini mdomo uliozoea mbio haujui kusimama.

"Lina mwisho," alisema. "Siku utakayoingia bila kubisha."

Hodi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekariri namba ya simu.

*

Siku tisa baadaye upepo ulikuja kutoka kushoto, wa vikumbo: unatulia ukadhani umekwisha, kisha unakupiga bega. Mfuko wa mlingotini ulikuwa unanyooka, unaanguka, unanyooka. Hodi alikuwa ametoka kabla haujaanza, peke yake, na sasa alikuwa anarudi.

Benchi lilikuwa limejaa. Redio alikaa katikati, kikombe magotini.

"Wekeni maji mengine jikoni," Mpira alisema. "Leo tutalala hapa."

"Hodi ngapi leo?" akauliza mwingine. "Mimi nasema tano."

Redio alikuwa anaangalia ndege, na ndege ilikuwa inakuja vizuri. Pua imegeuzwa kushoto kama inavyotakiwa. Ikavuka uzio. Ikaanza kunyooka. Hapo kikumbo kikaja, wote wakakiona kwenye majani kabla hakijafika. Bawa la kushoto likanyanyuliwa. Ndege ikaanza kusukumwa kulia, kuelekea ukingo wa njia ya ndege.

"Panda," Kaa alisema kwa sauti ndogo. "Haya, panda."

Hata mwanafunzi wa wiki mbili angepanda. Yeye mwenyewe alishapanda mara tatu kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Redio alisubiri injini ingurume. Haikunguruma. Aliona pua inainamishwa, inalazimishwa chini, kama mtu anayesukuma mlango kwa bega.

Gurudumu la kulia liligusa peke yake. Ncha ya bawa la kulia ikafuata. Ndege ikajizungusha, ikainua mkia, ikasimama kwa pua nje ya njia, ikabaki hivyo, na vumbi likaipita kwenda zake.

Mtu akaweka kikombe mezani kwa uangalifu sana, kana kwamba kikigonga kingeharibu jambo. Kisha wote wakakimbia.

Alikuwa hai. Alikuwa anaongea hata. Mguu wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya usukani na haukukaa kama mguu unavyokaa; mafundi walikata bati karibu saa nzima. Redio alipiga magoti nje ya dirisha lililovunjika, akamshika mkono.

"Nimeingia?" Hodi alimuuliza.

Redio akamfuta vumbi la paji kwa mkono wa shati lake.

*

Mchunguzi alifika kesho yake, mtu mwembamba mwenye miwani na mwandiko mdogo. Alipima alama za matairi, akapiga picha, kisha akawaita mmoja mmoja katika chumba cha ramani. Swali lake lilikuwa moja, na alilirudia bila kuchoka.

"Kijana huyu, nimesoma daftari lake, alighairi kutua mara tatu kwa siku moja. Kila mara sahihi. Safari hii alikuwa na nafasi ya kughairi na hakughairi. Kwa nini?"

Benchini walikuwa wameshaongea.

"Tusichimbe," Kaa alisema, macho chini. "Upepo ulimpiga. Si uongo."

"Si uongo," wakaitikia.

Si uongo, kweli. Na ukutani, juu ya birika, kulikuwa na kanuni za shule zilizobandikwa tangu zamani, ya saba ikisema kwamba atakayefanya jambo la kumtia mwenzake hatarini angani ataondolewa. Redio alikuwa ameisoma mara mia akisubiri maji yachemke. Alikuwa amebakiza miezi mitatu apate leseni. Dada yake ameshamwambia kila anayekalia kiti cha saluni kwamba kichwa hiki ninachokisuka kitapandishwa ndege na mdogo wangu.

"Kwa nini?" mchunguzi alimuuliza.

"Upepo," Redio akasema.

Neno moja. Mchunguzi aliinua macho juu ya miwani, akasubiri, maana alishaambiwa huyu dada anavyoongea. Kisha akaandika.

Wiki mbili zikapita. Kutoka hospitali zikaja habari: nyonga imeunganishwa, mguu utapona lakini taratibu. Kijana ameulizwa, amejibu, "Nilidhani naweza," basi. Jina hakulitaja. Halafu katibu wa ofisi akamnong'oneza Redio, kwa mazoea, kama watu walivyomnong'oneza siku zote ili neno lifike mbali.

"Mkuu anaandika barua. Nafasi ya Hodi anapewa mwingine. Wanasema hana uamuzi wa rubani. Ijumaa inatoka."

Katibu alingoja. Redio alimshukuru, akaenda kukaa nyuma ya karakana, peke yake. Hakuna aliyewahi kumwona huko.

*

Alhamisi ilikuwa zamu yake kuruka na Mwalimu, mama mmoja mwenye mvi aliyefundisha miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wake. Alikuwa na mtindo wake: mkishapanda, anaweka viganja viwili juu ya magoti kama aliyekaa kupigwa picha, ili ujue ndege ni yako. Hatavinyanyua mpaka mambo yawe mabaya.

Upepo ulikuwa ule ule, wa kushoto.

Redio aliileta ndege kimshazari, akavuka uzio. Kikumbo kikaja. Bawa likanyanyuka. Alijua la kufanya. Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari juu ya wenzo wa mafuta, na kazi iliyobaki ilikuwa kusukuma. Lakini pembeni mwa jicho lake kulikuwa na kioo kikubwa cha chumba cha chai, kinang'aa. Hakuona uso hata mmoja, kwa mwendo ule huwezi kuona nyuso. Haikuhitajika. Alizisikia. Alisikia sinia, na watu wakilala juu ya benchi, na sauti inayosema hodi jamani wenyewe, na sauti ilikuwa yake.

Mkono haukusukuma.

"Nimeshika," Mwalimu alisema. Viganja vilikuwa vimeshatoka magotini. Injini ikanguruma, ardhi ikainama na kubaki nyuma.

Walipanda. Juu, ambako hewa ilikuwa tulivu, Mwalimu alirudisha viganja magotini.

"Ulijua la kufanya?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Mkono ukakataa."

"Ukakataa."

"Basi sema. Huku juu tuko wawili, na mmoja wetu ni mzee."

Redio akasema. Alianzia kwenye sinia, akafika kwenye kamba, akafika kwenye siku utakayoingia bila kubisha. Hakuigiza. Maneno yalitoka makavu, moja moja, na alipomaliza alikuwa anaona mawingu tu kwa sababu machozi yalikuwa yamejaa.

Mwalimu alitazama njia ya ndege iliyokuwa chini yao.

"Mimi waliniita Kuku," alisema. "Kwa sababu nilipiga mabawa sana nisiende mbali. Enzi zile benchi lilikuwa pale pale. Ndege mbili niliziona zikivunjika, na hata siku moja sikuuliza waliokuwamo waliitwa nani benchini." Alifuta kioo cha kipimo kimojawapo mbele yake kwa kidole, ingawa kilikuwa safi. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tunausema, halafu tunamimina chai."

"Nifanye nini, Mwalimu?"

"Kwanza tutue. Mchunguzi amekuja leo kumalizia, yupo mpaka saa kumi."

Walizunguka. Kikumbo cha pili kilipokuja Redio alisukuma mafuta mwenyewe, akapanda. Cha tatu vile vile. Zamu ya nne upepo ulinyamaza kidogo, akagusa kwa gurudumu la kushoto, kisha la kulia, kisha la pua. Alipopita mbele ya chumba cha chai hakutazama dirishani.

Katika chumba cha ramani walikuwa mchunguzi na Mkuu wa shule, barua mezani, bado haijatiwa sahihi. Redio alisimama.

"Nilikwambia upepo," alisema. "Nilikwambia nusu."

Alisema yote. Mkuu alimkatiza mara moja tu.

"Unajua kanuni ya saba?"

"Naijua, Mkuu. Nimeisoma mara nyingi kuliko aliyeiandika."

Hakusema kwa utani, na hakuna aliyecheka. Mchunguzi alikuwa anaandika haraka, mwandiko ule mdogo ukijaza ukurasa, akageuza, akajaza mwingine.

Barua ile ilichanwa. Nyingine ziliandikwa, mbili. Moja ilisema nafasi ya kijana itangoja mguu wake, na ilieleza sababu. Ya pili ilikuwa ya Redio: asiruke mwaka mzima, na baada ya hapo Mkuu ataona. Dada mtu aliisoma saluni, chanuo limeshikwa kwa meno, akaikunja, akaiweka kwenye droo ya pini. Wateja wakangoja wasikie. Redio alichukua ufagio akafagia nywele.

Kuhusu benchi, hakuna aliyetoa amri. Siku moja wapishi walilikuta limegeuzwa, limeelekea ukutani, na Kaa na Mpira wamekaa wanakunywa chai wakitazama chokaa.

*

Jumatano, wakati wa kuona wagonjwa, Redio alipanda ngazi za hospitali na chupa ya uji. Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi. Mlango ulikuwa wazi nusu.

Kwenye mwanya aliona mguu uliofungwa bandeji nyeupe, umeinuliwa kwa kamba. Aliona gauni lile la siku ya wazazi na, juu ya mapaja, shati la kiume. Mkono ulikuwa unapita na sindano kwenye ukosi. Alijua barua ya shule imefika humu. Juu ya kimeza palikuwa na bahasha yake, imefunguliwa.

Maisha yake yote Redio alikuwa mtu wa kuingia. Milango ya watu aliisukuma kwa kiwiko huku anaongea, akajikaribisha, akavuta kiti, na watu wakafurahi amekuja. Kiwiko kilikuwa tayari.

Akakishusha.

"Hodi," alisema.

Sindano ikasimama.

Alihesabu pumzi. Mbali ukumbini gari la dawa lilikuwa linalia gurudumu moja.

"Hodi."

Mguu uliofungwa ulisogea kidogo kwenye kamba yake. Mama fundi hakuinua uso, ila alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mvua kujua kama inakuja huku au inapita. Hasira? Redio hakuweza kujua. Alikumbuka, nakusikia tu.

"Hodi," alisema mara ya tatu.

Kimya.

Akaweka chupa ya uji chini, kando ya mlango, pasipoweza kupigwa teke. Akageuka. Kwenye ngazi alikutana na Kaa na Mpira wanapanda na machungwa.

"Umemkuta?" Mpira aliuliza. "Anaendeleaje? Mama yake amesemaje? Hebu tupe."

Walimngoja. Wangesimama pale nusu saa kama angetaka, na alikuwa na mengi: bandeji, bahasha, shati.

"Sijaingia," Redio alisema. "Nitakuja tena Jumatano."

Akashuka. Kabla wenzake hawajamaliza ngazi, kule juu mwisho wa ukumbi alisikia chupa ikiokotwa sakafuni, na mlango, bila kufungwa, ukarudishwa ulipokuwa, wazi nusu.